Dhahabu Kwenye Stoo ya Mjomba

Mjomba alipofunga saiba yake mjini Kakamega mwaka 2016, hakuuza chochote. Alibeba kompyuta zote 22, zile skrini nzito zenye mgongo, kibodi, nyaya na magunia mawili ya vipuri, akavifungia kwenye stoo ya kukodi nyuma ya soko. Alisema biashara ingerudi. Haikurudi. Watu walikuwa na intaneti mfukoni, na mtoto wa shule hakuwa tena na sababu ya kulipa shilingi moja kwa dakika ili afungue barua pepe.

Mjomba alituacha mwaka jana. Oktoba 2025 mwenye stoo akampigia anti simu. Kodi ya miezi 14 haijalipwa, jumla yake shilingi 28,000. Pesa isipopatikana kufikia mwisho wa mwezi, anavunja kufuli na kila kitu kinaenda kwa watu wa skrapu.

Anti akatuita wawili. Aliniita mimi kwa sababu "nilisomea kompyuta". Ukweli ni kwamba niliacha chuo mwaka wa pili, karo iliponishinda, lakini kwa familia yetu hiyo inatosha. Mwingine alikuwa mwanawe, binamu yangu, ambaye anatengeneza simu kwenye kibanda karibu na stendi. Tulifika kila mmoja na mpango wake.

Mpango wa binamu ulikuwa asidi. Alikuwa ametazama video ya mtu anayetumbukiza vipande vya kompyuta kwenye jagi la kioo, maji yanageuka kijani, na mwisho wa dakika kumi kuna kidonge cha dhahabu kwenye kiganja. Alikuwa hata ameuliza bei ya asidi dukani. "We sikiza," aliniambia tukiwa tumesimama mbele ya yale magunia. "Wazungu walichimba Rosterman chini ya ardhi. Sisi yetu iko juu, tayari imewekwa kwa gunia."

Mpango wangu ulikuwa kuuza vipuri kama vipuri. Lakini aliponiuliza ni pesa ngapi, sikuwa na jibu. Yeye pia hakujua kuna dhahabu kiasi gani mle ndani. Tukakubaliana anipe wiki moja. Nilienda kusoma, na nilichokikuta kinaanza mbali sana na soko la Kakamega.

*

Dhahabu imekuwa ndani ya kompyuta tangu kabla ya kompyuta tunazozijua. Desemba 1947, kwenye maabara za Bell huko New Jersey, Marekani, Walter Brattain alichukua kipande cha plastiki chenye ncha, akakizungushia karatasi nyembamba ya dhahabu, halafu akaikata ile karatasi kwa wembe pale kwenye ncha ili ziwe pande mbili zilizokaribiana sana. Yeye na John Bardeen wakaigandamiza juu ya jiwe dogo la jemaniamu kwa springi. Ishara ya umeme iliyoingia ikiwa ndogo ikatoka ikiwa kubwa. Hiyo ndiyo transista ya kwanza. Mwaka 1956 wawili hao, pamoja na William Shockley, walipewa Tuzo ya Nobel.

Mafundi waliendelea kuipenda dhahabu kwa sababu moja rahisi. Shaba inapitisha umeme vizuri kuliko dhahabu, na fedha inaishinda shaba. Lakini shaba inashika kutu ya kijani na fedha inakuwa nyeusi. Dhahabu haishiki kutu. Ukichomeka kipuri leo na kukichomoa baada ya miaka 30, pale kilipogusana na mwenzake bado patakuwa safi. Kwa mashine ambayo mguso mmoja mbovu unaizima yote, hilo ni jambo kubwa.

Na kwa muda mrefu dhahabu ilikuwa rahisi. Tangu 1934 serikali ya Marekani ilikuwa imefunga bei yake kuwa dola 35 kwa aunsi moja, ambayo ni kama gramu 31. Miaka 37 bei haikusogea rasmi. Injinia wa miaka ya sitini aliyekuwa akitengeneza kompyuta ya jeshi au ya benki hakuwa na haja ya kubana. Akipaka dhahabu nene, nani angemuuliza?

Halafu, jioni ya tarehe 15 Agosti 1971, Rais Nixon alitokea kwenye televisheni na kutangaza kwamba Marekani haitabadilisha tena dola kwa dhahabu kwa bei ile. Miezi mitatu baadaye kampuni ya Intel ikatangaza prosesa yake ya 4004, na zile za mwanzo zilikuwa za kauri nyeupe yenye kifuniko na miguu ya dhahabu, nzuri kama pambo. Wakati huo huo bei ilikuwa imeshafunguliwa mlango. Januari 1980 aunsi moja iligonga dola 850.

Viwanda vikaanza kuhesabu. Sehemu iliyokuwa inapakwa yote ikawa inapakwa pale tu inapogusana. Unene ukashuka hadi chini ya maikroni moja. Kauri ikaiachia plastiki nafasi. Bei ilipopanda tena baada ya 2008, hata zile nyuzi za dhahabu zilizo ndani ya chipu, nyembamba kuliko unywele, zikaanza kubadilishwa na za shaba.

Wale wanaotafuta dhahabu kwenye skrapu wanaijua hii historia hata kama hawajaisoma. Ndiyo maana wanataka mashine za zamani, na kati ya prosesa za kompyuta za kawaida wanaisifia sana Pentium Pro ya 1995, ile kubwa ya kauri. Dhahabu ikipanda bei, mashine mpya zinazidi kuwa na dhahabu kidogo, na mashine kuukuu zinazidi kuwindwa.

Kompyuta za mjomba zilikuwa mitumba ya Ulaya, nyingi zikiwa Pentium III na Pentium 4. Yaani zilizaliwa baada ya mafundi kuwa wachoyo.

*

Nilichukua kijiti kimoja cha RAM ya aina ya DDR, rula na simu. Kijiti hicho kina meno 184 ya dhahabu, ukihesabu pande zote mbili. Kila jino lina upana wa kama milimita moja na urefu wa kama milimita mbili na nusu. Zidisha, unapata eneo la milimita za mraba 460. Sasa chukua unene. Viunganishi vinavyotakiwa kuchomekwa na kuchomolewa mara nyingi hupakwa dhahabu ya kama maikroni 0.76. Unywele wa binadamu ni kama maikroni 70. Nikakipa kijiti chetu unene huo wote, hata kama nilishuku hakiufikii.

Jibu lilikuwa miligramu 6.7.

Mwezi ule ule dhahabu ilikuwa imevuka dola 4,000 kwa aunsi kwa mara ya kwanza katika historia. Kwa shilingi zetu hiyo ni kama 16,500 kwa gramu, au 16.50 kwa miligramu. Kwa hiyo kijiti kimoja kilikuwa na dhahabu ya shilingi 110. Tulikuwa na vijiti 48 vilivyolegea kwenye gunia. Ukitoa dhahabu yote bila kupoteza hata chembe, na ukipata mnunuzi anayelipa bei ya soko la dunia pale Kakamega, una shilingi 5,300. Hapo hujanunua asidi.

Nilimtumia binamu hesabu hiyo kwa WhatsApp. Akajibu, "Na prosesa? Na madabodi?" Swali zuri. Nilirudi kusoma.

*

Lazima niseme kidogo kuhusu Rosterman, kwa sababu kwetu neno dhahabu halisemwi bila hilo jina.

Mwaka 1931 mlowezi Mmarekani aitwaye Johnson, aliyekuwa akilima Turbo, alipata dhahabu Kakamega. Ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Mahindi na kahawa ya walowezi haikuwa na bei. Septemba mwaka huo Uingereza iliacha kuifunga pauni yake kwa dhahabu, na bei ya dhahabu kwa pauni ikapanda. Mamia ya Wazungu waliacha mashamba yao wakaja kupiga hema Kakamega.

Tatizo lilikuwa moja. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilikuwa imepitisha sheria ya ardhi za wenyeji iliyoahidi kwamba ardhi hiyo ni ya Waafrika milele. Kipande kikichukuliwa kwa kazi ya umma, walipewa haki ya kupata ardhi nyingine badala yake. Desemba 1932, dhahabu ikiwa imeonekana, sheria ikabadilishwa haraka haraka ili ardhi ichukuliwe bila kutoa ardhi nyingine na bila kupitia baraza la wenyeji. Hiyo milele ilidumu miaka miwili.

Mgodi wa Rosterman ulifungwa 1952. Jina likabaki kwa kijiji. Upande wa Ikolomani watu bado wanachimba kwa mikono, wanasaga mawe na kukamata dhahabu kwa zebaki.

Nilipokuwa mtoto nilidhani hadithi ya Rosterman inahusu utajiri. Nikiisoma sasa naona inahusu bei. Ardhi ilikuwa pale 1930 na watu walikuwa pale. Kilichobadilika ni bei ya kilichokuwa chini yao, na ghafla kilichokuwa juu, nyumba, makaburi, shamba la mtama, kikaonekana kama takataka ya kuondolewa njiani.

Kompyuta pia hufanyiwa hivyo. Muungano wa Sovieti ulitengeneza mashine kubwa iitwayo BESM-6, zaidi ya 350, kuanzia mwisho wa miaka ya sitini. Ilitumiwa na wanasayansi wa nyuklia na wa anga. Vipuri vya Kisovieti, hasa vya kijeshi, vilikuwa na dhahabu nyingi kuliko vya Magharibi. Nchi ilipovunjika 1991 na mishahara kukauka, mashine nzima nzima zilibomolewa kwa ajili ya madini yake. Makumbusho ya Sayansi ya London iliwahi kununua BESM-6 moja mwaka 1992. Kwa hiyo moja ya zilizookolewa ilibidi isafirishwe hadi Uingereza.

Marekani nako kuna kisa cha Apple-1. Steve Wozniak na Steve Jobs walitengeneza kama 200 tu mwaka 1976, wakaziuza kwa dola 666.66. Apple II ilipotoka, kampuni ikawapa wateja nafasi ya kurudisha Apple-1 na kupewa mashine mpya, na zilizorudishwa zikaharibiwa. Hazikuharibiwa kwa sababu ya dhahabu. Zilionekana tu hazina kazi tena. Oktoba 2014 moja kati ya zilizopona iliuzwa kwenye mnada kwa dola 905,000, ikanunuliwa na makumbusho ya Henry Ford.

Mwaka uliofuata, mwanamke mmoja alipeleka maboksi ya vifaa vya kielektroniki kwenye kituo cha kurejeleza taka huko Milpitas, California. Mumewe alikuwa amefariki na alikuwa anasafisha gereji. Hakuacha jina wala namba ya simu. Wafanyakazi walipofungua maboksi wiki chache baadaye, walikuta Apple-1. Kituo kiliiuza kwa dola 200,000 na kikatangaza kinamtafuta mwenyewe kimpe nusu yake.

Nilimsomea anti hicho kisa kwa simu. Alinyamaza kwanza. Mume amekufa, gereji, maboksi. Halafu akauliza, "Na zetu ni za aina gani?" Nikamwambia ukweli, kwamba zetu ni za kawaida, ziko nyingi duniani. Akasema, "Basi usinipe presha."

*

Sasa asidi yenyewe.

Dhahabu haiyeyuki kwenye asidi moja. Inahitaji mchanganyiko wa asidi ya haidrokloriki na ya naitriki, ule ambao kwa Kilatini unaitwa maji ya mfalme. Kisa chake maarufu zaidi ni cha Copenhagen, Aprili 1940. Wajerumani walikuwa wanaingia mjini. Kwenye taasisi ya Niels Bohr kulikuwa na medali mbili za Nobel, za wanasayansi Max von Laue na James Franck, zilizofichwa pale ili Wanazi wasizitwae. Kutoa dhahabu Ujerumani lilikuwa kosa kubwa, na majina yao yalikuwa yamechorwa kwenye medali. Mkemia George de Hevesy akaziyeyusha zote mbili na kuacha maji ya rangi ya machungwa kwenye chupa juu ya rafu. Wanajeshi walipekua jengo lakini hawakuigusa chupa. Baada ya vita de Hevesy aliikuta pale pale, dhahabu ikatolewa kwenye maji, na Stockholm wakatengeneza medali upya.

Ni kisa kitamu, na binamu alikipenda kuliko vyote nilivyomtumia. Lakini kuna mambo mawili ndani yake. La kwanza, de Hevesy alikuwa mmoja wa wakemia bora duniani, mwenye maabara, na hata yeye alilalamika kwamba kazi ilikuwa ngumu. La pili, medali iliweza kurudi kwa sababu thamani yake yote ilikuwa dhahabu na mchoro. Dhahabu haipotei hata ukiiyeyusha mara kumi. Lakini hakuna mtu duniani anayeweza kuchukua chupa ya asidi na kukurudishia kompyuta.

Na medali haina takataka nyingine ndani. Madabodi ina risasi kwenye lehemu, shaba, nikeli, na plastiki yenye dawa za kuzuia moto. Ukiitia asidi, moshi wa kahawia unaotoka unaunguza mapafu, na wakati mwingine unaumwa vizuri saa kadhaa baadaye ukiwa umeshalala. Ile dhahabu kidogo ukishaitoa, maji yaliyobaki yana kila kitu kingine. Kwenye video mtu hasemi anayamwaga wapi.

Guiyu, mji wa kusini mwa China, walifanya hii kazi kwa miaka mingi, nyumba kwa nyumba. Kompyuta za Marekani na Ulaya zilipelekwa huko, zikachomwa na kutiwa asidi kando ya mto. Mwaka 2007 watafiti walichapisha matokeo ya vipimo vya damu vya watoto wadogo 165 wa mji huo. Zaidi ya 80 kwa kila 100 walikuwa na risasi iliyopita kiwango cha hatari kilichotumika wakati huo.

Hapa kwetu hatuhitaji kwenda China. Mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, uliwekewa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari mwaka 2007 ili kutoa risasi. Kilifungwa 2014. Phyllis Omido, aliyefanya kazi pale na kumkuta mtoto wake mwenyewe ana risasi mwilini, aliongoza mapambano na kupewa tuzo ya Goldman mwaka 2015. Julai 2020 mahakama ya mazingira ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kesi ikakatiwa rufaa, na ni Desemba 2024 tu ndipo Mahakama ya Juu ilipoirudisha hukumu hiyo. Hesabu miaka. Kuna waliokufa wakisubiri.

Pale uani kwa anti kuna kisima.

*

Je, hakuna njia nzuri ya kutoa dhahabu? Ipo, ila si ya jagi.

Wajapani walitengeneza medali zote za Olimpiki ya Tokyo, kama 5,000, kutokana na taka za kielektroniki. Kuanzia 2017 hadi 2019 walikusanya tani 78,985 za vifaa, ikiwemo simu milioni 6.21. Walipata dhahabu kilo 32. Ukigawanya, ni chini ya nusu gramu kwa kila tani. Rundo lao lilikuwa na kila aina ya kifaa, kwa hiyo gunia la madabodi tupu lina dhahabu zaidi ya hapo. Lakini linganisha hizo tani na video ya dakika kumi.

Medali ya dhahabu ya Tokyo yenyewe ni fedha iliyopakwa kama gramu sita za dhahabu. Kenya tulileta nne: Kipchoge, Jepchirchir, Kipyegon na Korir. Gramu 24 za simu na kompyuta za Wajapani ziko kwetu. Binamu alipenda hiyo pia.

Madabodi nyingi zikikusanywa kihalali huishia kwenye viwanda vichache vikubwa sana. Kimoja kiko Hoboken, karibu na Antwerp, Ubelgiji, na ni cha kampuni iitwayo Umicore. Ukilifuatilia hilo jina nyuma unafika Kongo. Kabla ya 2001 kampuni hiyo iliitwa Union Minière, ile iliyoanzishwa 1906 kuchimba shaba ya Katanga, hadi Mobutu alipotaifisha migodi yake. Iliponyang'anywa ardhi ya Kongo, baadaye ilijifunza kuchimba takataka. Inatoa metali karibu 17 tofauti kwenye taka, na vichujio vyake vya moshi ni vya gharama ambayo jua kali haiwezi kuiota. Hata hivyo, mwaka 2020 watoto wanaoishi karibu na kiwanda hicho walipimwa wakakutwa na risasi iliyopanda, na kampuni ikajitolea kununua nyumba za majirani. Hao ndio bora zaidi.

Dunia ilitupa tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na chini ya robo ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa vizuri. Kenya ina sheria ya taka ya 2022 inayosema anayeleta bidhaa nchini awajibike hadi mwisho wake. Nairobi kuna vituo vyenye leseni ya kupokea hivi vitu. Kutoka Kakamega ni kama kilomita 370.

*

Jumamosi tulivitoa vyote uani. Binamu alikuja bila asidi. Hakusema kitu na mimi sikumuuliza.

Kompyuta ya kwanza haikuwaka. Ya pili pia. Binamu akaniangalia vile anavyomwangalia mteja aliyenunua simu feki. Nikachomoa RAM, nikasugua meno yake kwa raba ya penseli, nikairudisha. Ikapiga mlio mmoja, ikawaka. Ilikuwa imekaa stoo miaka tisa, kwenye unyevu wa Kakamega, na pale kwenye dhahabu palikuwa na vumbi tu. Nilimwonyesha. "Hii ndiyo kazi yake," nilimwambia. Ile miligramu saba ya shilingi 110 ndiyo iliyofanya kompyuta nzima ifufuke.

Kufikia jioni 13 zilikuwa zimewaka. Tisa zilikataa. Kadhaa kati ya hizo tisa zilikuwa na kapasita zilizovimba kichwa, ugonjwa ulioua madabodi nyingi za miaka ya mwanzo ya 2000 kwa sababu viwanda vilitumia kapasita zenye maji mabaya ndani.

Mwalimu wa chuo kimoja cha ufundi alizichukua zote 13. Si za kutumia. Anataka wanafunzi wafungue na kufunga hadi mikono izoee, na hawezi kuwapa kompyuta mpya waiharibu. Tulianza 2,000 tukamalizia 1,200 kila moja, jumla 15,600. Vijiti vya RAM vilivyopita mtihani vilikuwa 31, na fundi mmoja alivinunua kwa 200, jumla 6,200. Vifaa vya umeme, feni na diski zikaleta 4,000. Tulikuwa na 25,800. Binamu akatoa 2,200 kwenye kibanda chake, anti akalipa stoo, akarudisha ufunguo.

Kwa hiyo kuuza kulishinda dhahabu, lakini sitaki kudanganya kwamba kulishinda kwa mbali kila mahali. Kwa RAM pekee tofauti ilikuwa chini ya shilingi elfu moja. Kama mashine zote zingekuwa zimekufa, au kama yule mwalimu asingekuwepo, hesabu ingekuwa nyingine na binamu angekuwa na hoja. Mtu mwenye deni hapimi maikroni. Nilibahatika kuwa na wiki moja ya kusoma, na kodi ilikuwa 28,000, si 280,000.

Madabodi zilizokufa nilizifunga kwenye gunia, nikasafiri nalo kwa basi hadi Nairobi, nikalipeleka kwenye kituo chenye leseni. Walichonilipa hakikufika hata nauli.

Kulikuwa na kompyuta moja ambayo haikuhesabiwa kwenye zile 22. Ni 486, ambayo mjomba alijifunzia kabla ya kufungua saiba, na prosesa yake ni ya kauri, chini ina miguu ya dhahabu imejipanga kama brashi. Nje kuna watu wanaokusanya za aina hiyo na wangelipa vizuri. Anti aliishika, akaipindua, akasema kuna mwandiko wa mjomba nyuma, tarehe na bei aliyonunulia. Iko juu ya kabati lake sasa. Binamu alisema siku ile kwamba dhahabu ikifika dola 5,000 tutaongea tena.

Skrini za mgongo ziko kwenye veranda, 19. Vioo vyake vina risasi, kilo na zaidi kila kimoja. Hakuna anayezinunua, hakuna anayezichukua bure, na kuzifikisha Nairobi kunahitaji lori. Tumezifunika kwa turubai ili mvua isizipige. Wajukuu wamekatazwa kuzichezea. Kama unajua mtu mwenye lori anayerudi Nairobi tupu, tafadhali niambie.